Kunyamazia Mlipuko Hakujawahi Kulinda Uchumi

Kila ugonjwa wa kutisha unapozuka Afrika Mashariki, kauli huwa ileile, kuanzia vijiweni hadi kwenye ofisi zenye viyoyozi: msitangaze haraka, watalii watakimbia, mipaka itafungwa, biashara itakufa. Imani hii imeota mizizi kiasi kwamba anayeulizia takwimu huonekana hana uzalendo.

Wanaoishikilia wana sababu zao, na si za kupuuzwa. Desemba 1997 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu, ingawa Shirika la Afya Duniani (WHO) halikuona haja ya hatua hiyo. Hadi marufuku inaondolewa katikati ya 1998, wavuvi wa sangara na wafanyakazi wa viwanda vya minofu kandokando ya Ziwa Victoria walikuwa wameshaumia. Novemba 2021 ikawa zamu ya Botswana na Afrika Kusini. Wanasayansi wao waliigundua aina mpya ya kirusi cha korona, baadaye ikaitwa Omicron, wakaitangazia dunia bila kuficha kitu. Ndani ya siku chache Uingereza, nchi za Umoja wa Ulaya na Marekani zikawafungia milango wasafiri kutoka kusini mwa Afrika. Kisha Uholanzi ikapima upya sampuli zake na kukuta kirusi hicho kilikuwa kimeshaingia nchini humo kabla ya makatazo. Aliyegundua ndiye aliyeadhibiwa. Huo ulikuwa uonevu, na hakuna jina jingine la kuuita.

Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba ukimya ungewaokoa ni mruko usio na ushahidi. Ushahidi wa ukimya upo, tena hapa nyumbani. Mwishoni mwa Aprili 2020 Tanzania iliacha kutoa takwimu za korona, hesabu ikiwa imesimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Ukimya huo ulidumu zaidi ya mwaka. Ni kweli fukwe za Zanzibar ziliendelea kupokea wageni, na wapo wanaolitaja hilo kama ushindi. Wanasahau yaliyofuata. Januari 2021 Uingereza ilizuia wasafiri kutoka Tanzania. Februari waziri wa afya wa Oman alisema asilimia 18 ya waliowasili kutoka Tanzania walikutwa na maambukizi, na kabla ya mwezi kwisha Oman nayo ikafunga mlango. Takwimu ambazo Dodoma haikuzitoa zilitolewa Muscat, na hakuna Mtanzania aliyekuwa na namba nyingine ya kujibu. Walioathirika hawakuwa wafanyabiashara peke yao. Kati ya Unguja, Pemba na Oman kuna ndugu wa damu, watu wa kuzikana na kuozana.

Na kuna hasara ambayo wahesabu watalii hawaigusi kabisa. Nchi isiyo na wagonjwa kwenye karatasi haina hoja ya kuomba chanjo. Kenya na Rwanda zilipokea shehena zao za kwanza za mpango wa COVAX tarehe 3 Machi 2021. Tanzania ilipata yake tarehe 24 Julai, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kugeuza msimamo wa serikali. Kwa karibu miezi mitano muuguzi wa Nairobi aliweza kuchanjwa, mwenzake wa Dar es Salaam akaendelea kuingia wodini bila kinga hiyo.

Rwanda ilionyesha njia tofauti. Septemba 27, 2024 ilitangaza kwamba ina Marburg, ugonjwa usiokuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Oktoba 5 dozi za majaribio kutoka Taasisi ya Sabin ya Marekani zilitua Kigali, na siku iliyofuata wahudumu wa afya, ambao ndio waliokuwa wengi miongoni mwa wagonjwa, wakaanza kuchanjwa. Kati ya watu 66 waliothibitishwa kuugua, 15 walifariki, kiwango cha chini sana kwa ugonjwa ambao umewahi kuua zaidi ya wanane katika kila wagonjwa kumi. Marekani iliwaonya raia wake dhidi ya safari zisizo za lazima, na hilo liliiuma Rwanda. Hata hivyo Desemba 20 mlipuko ulitangazwa kwisha. Uganda nayo ilitangaza Ebola ya aina ya Sudan tarehe 30 Januari 2025, na Februari 3 majaribio ya chanjo yakaanza Kampala. Hakuna anayetuma dozi kwa ugonjwa uliokanushwa.

Wilayani Biharamulo, Tanzania, mwezi huohuo wa Januari, mambo yalianza vingine. WHO ilitoa taarifa ya washukiwa wa Marburg tarehe 14; wizara ya afya ikajibu kwamba sampuli hazikuonyesha kirusi. Tarehe 20 Rais mwenyewe, akiwa na mkuu wa WHO Tedros Ghebreyesus, alithibitisha mgonjwa. Watu wote 10 waliohesabiwa katika mlipuko huo walifariki, wengi wao kabla ya uthibitisho, na si haki kudai kwamba tangazo la mapema lingewaponya. Kinachouma ni kwamba uwezo ulikuwepo: maabara tembezi ilikuwa mkoani humohumo, Kagera, na mwaka 2023 serikali ilitangaza Marburg ya Bukoba kwa kinywa chake yenyewe. Kagera inapakana na Uganda, Rwanda na Burundi. Muuguzi wa upande wa pili wa mpaka anapaswa kujua leo kama mwenye homa aliyeshuka kwenye basi atahudumiwa kwa glavu tu au kwa vazi kamili la kinga.

Kanuni za Afya za Kimataifa zinaitaka nchi kuiarifu WHO ndani ya saa 24 baada ya kubaini tishio linaloweza kuvuka mipaka. Nchi inayoiadhibu jirani kwa kutimiza wajibu huo hailipi chochote. Hapo ndipo hasira ya Afrika Mashariki inapopaswa kuelekezwa. Mkataba wa majanga ya milipuko uliopitishwa Geneva Mei 2025 uliacha kiambatisho cha kugawana sampuli na manufaa yake kijadiliwe baadaye. Wajumbe wa ukanda huu wanaokwenda kwenye mazungumzo hayo wadai mambo mawili: dozi zije haraka kwa nchi iliyotangaza, na fidia itolewe pale milango inapofungwa bila sababu ya kitabibu.