Betri ya Pili kwa Gari la Safari

Tunaposafiri porini na familia, wengi wetu hubeba friji ndogo ya maziwa ya mtoto au insulini ya bibi. Friji hiyo ikinyonya betri ya gari usiku kucha, asubuhi gari haliwaki, na fundi yuko mbali.

Betri ya kuwashia gari hutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache tu. Kwa friji, tuweke betri ya pili, ya aina inayostahimili kutumika polepole kwa muda mrefu. Kwanza tupige hesabu: friji inayokula wastani wa ampea 3 kwa saa 12 humaliza ampea-saa 36. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 itumike nusu tu, yaani 50, isife mapema. Basi usiku mmoja inatosha. Ya lithiamu ni nyepesi na hutumika karibu yote, lakini ni ghali na huhitaji chaja yake.

Fundi aweke swichi ya kutenganisha betri hizo injini inapozimwa, na fyuzi karibu na kila betri, maana waya ukichubuka na kugusa bodi huweza kuwasha moto.

Betri ya kwanza tuiachie kazi moja: kuturudisha nyumbani.