Mwisho wa Reli Usiwe Mwisho wa Masomo

Vijana wenzangu, mwalimu wa kompyuta wa Kibondo au Kasulu akitaka shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta, afunge safari: UDOM kule Dodoma, au Dar. Ada, chumba, nauli, mara nyingi vyote mfukoni mwake. Na mshahara wenyewe umeshamegwa: mwaka 2016 Sheria ya Bodi ya Mikopo ilirekebishwa, makato yakapanda kutoka asilimia 8 hadi 15.

Mimi nasoma sheria, sipingi deni kulipwa. Ila kumkamua mtu palepale anapojiongezea ujuzi, hapana. Bunge ndilo lililopandisha makato. Bunge linaweza kuyasimamisha kwa aliyeko masomoni. Tulidai hilo. Kigoma ni mwisho wa reli, isiwe mwisho wa masomo.