Bafle ya ukumbi ndani ya nyumba: tusiilaumu kwa ukubwa wake

Hapa Bukavu bafle za kanisa na za ukumbi zimeanza kukaa sebuleni. Kijana anayepiga sono kwenye harusi hana depo, kwa hiyo analala nazo chumbani. Mwingine amenunua moja iliyotumika, kwa kuwa inadumu kuliko redio kubwa za plastiki. Majirani wanalalamika, na kuna wanaotaka bafle hizo zikatazwe kabisa kwenye makartiye. Mimi sikubaliani nao, ingawa najua wanachokilalamikia.

Bafle ya ukumbi ina sifa moja ambayo sisi wa umeme wa kukatika tungepaswa kuipenda: inakula kidogo. Bafle ya kawaida ya nyumbani, ukiipa wati 1 na kusimama mita 1 mbele yake, inatoa desibeli 85 hadi 90. Ya ukumbi, kwa wati hiyo hiyo, nyingi zinatoa 95 hadi 100. Tofauti ya desibeli 10 maana yake ni kwamba ile ya nyumbani ingehitaji umeme mara kumi ili ifikie sauti ile ile. Kwa anayetegemea sola na betri, hilo si jambo dogo. Namba kubwa iliyoandikwa mgongoni, wati 500 au 1000, ni uwezo wake wa mwisho. Hakuna anayekulazimisha kuufikia.

Shida inaanza hapo hapo. Kama wati 1 tu inatosha kufikia desibeli 95, basi chumba cha mita tatu kwa nne kinajaa kabla hujageuza kifungo hadi robo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kuumiza masikio. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu. Kwa desibeli 95 unabaki na saa moja na robo, kwa wiki nzima. Kuna vijana wanaoimaliza hiyo Jumamosi moja kabla ya chakula cha mchana.

Halafu kuna jirani. Kadutu mnaijua: paa la nyumba ya chini liko sawa na mlango wa nyumba ya juu, na kuta nyingi ni mbao. Mbao inapunguza sauti nyembamba kidogo, lakini besi inapita kama hakuna kitu. Wengine wanageuza bafle iangalie ukuta wakidhani wamemsaidia jirani. Hapana. Honi ya juu ndiyo inayotupa sauti mbele; besi inakwenda pande zote.

Na nyuma ya ukuta huo siku hizi hakulali familia moja. Kuna nyumba zilizopokea wahami, mama na watoto wamelala chini kwenye chumba kimoja na wenyeji wao. Mtoto aliyekimbia milio ya bomu akishtushwa na besi saa sita za usiku, kumwambia ni muziki tu hakumrudishii usingizi. Wakubwa nao wanalala sikio moja likiwa nje, wasikie kama kuna jambo kwenye avenu. Muziki ukifunika kila kitu, hawatasikia kitu.

Ndiyo maana naona bafle ibaki, ila matumizi yabadilike. Iinue juu ya meza imara, honi iwe usawa wa masikio ya waliokaa. Iondoe kwenye kona, maana kona inaongeza besi. Kaa mbali nayo mita mbili au tatu. Kwenye ampli, teremsha besi. Maneno ya mtu hayaihitaji.

Ikiwekwa hivyo, inafaa kwa kazi ambayo redio ndogo haiwezi. Wahami wengi walikimbia bila redio, na simu zao hazina chaji. Bafle moja katikati ya parseli, kwa sauti ya mtu anayeongea kawaida, inawasikilizisha watu ishirini habari za Radio Okapi kwa Kiswahili bila mtu kuinamia kisimu. Habari zikiisha, inazimwa. Hiyo ni huduma, na betri haitaishiwa.

Mashefu wa avenu wawaite wenye bafle, wakubaliane saa ya kuzima. Mimi ningesema saa tatu za usiku, na besi iteremshwe tangu jua likizama. Mwenye harusi au kilio awaarifu majirani mapema, hasa walio na wageni waliokimbia vita. Na mwenye bafle anayebisha kwamba sauti yake haifiki mbali aiache ikiwaka, ateremke hadi mlango wa nyumba ya chini, asimame hapo dakika moja.