Mpaka Hulindwa Mpakani

Mwezi wa Februari 2025 Rais William Ruto alikuwa Wajir, na huko alitia sahihi tangazo la kuondoa uchunguzi wa ziada uliokuwa ukifanywa kwa watu wa Kaskazini Mashariki waombapo kitambulisho cha taifa. Wenyeji wa huko walishangilia. Watu wa mahali pengine, wakiwamo viongozi, walinung'unika, wakasema kwamba mlango umefunguliwa kwa wageni wasio na ruhusa, na kwamba adui naye atapita humo humo. Maneno yakawa mengi, na mengi yao yalikuwa ya hasira kuliko ya fikira. Yafaa jambo hili litazamwe kwa utulivu, maana pande zote mbili zina haki ya kusikizwa.

Wanaotaka mpaka ulindwe si watu wenye nia mbaya. Tarehe 2 Aprili 2015 wauaji waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, na wengi wao walikuwa wanafunzi. Mwaka ule ule Serikali ilianza kujenga ua mpakani karibu na Mandera. Mpaka wa Kenya na Somalia una urefu wa zaidi ya kilomita 600, nao ulifungwa rasmi mwaka wa 2011. Mwezi wa Mei 2023 ilitangazwa kwamba utafunguliwa tena hatua kwa hatua, lakini mwezi wa Julai, baada ya mashambulio mapya, kufunguliwa kwake kukaahirishwa. Mzazi aliyemzika mwanawe baada ya msiba wa Garissa hawezi kuambiwa kwamba ulinzi ni upuuzi.

Walakini kulinda mpaka ni kazi moja, na kuwaandika raia ni kazi nyingine. Taabu huanza pale kazi hizi mbili zinapochanganywa.

Atazame mtu jinsi kazi ya mpakani inavyofanywa Namanga, ambako kituo cha pamoja cha Kenya na Tanzania kilifunguliwa rasmi na marais wawili mwezi wa Desemba 2018. Maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya dari moja, na msafiri husimama mara moja tu. Huulizwa atokako, aendako, shughuli yake, na siku atakazokaa. Maswali hayo yana majibu, na majibu yaweza kuhakikishwa pale pale. Lakini kijana wa miaka 18, aliyezaliwa na kukulia Kenya, anapofika mbele ya kamati akaulizwa babu yake alizaliwa wapi, huyo anaulizwa habari za mpaka uliovukwa kabla yeye hajazaliwa. Pengine mpaka wenyewe ulimvuka babu yake, wala si babu aliyeuvuka mpaka. Mstari utengao Kenya na Tanzania ulipatanwa na Waingereza na Wajerumani mwaka wa 1886, ukaendelezwa hata ziwani mwaka wa 1890. Wadigo na Wamasai wako pande zote mbili hata leo, na hakuna aliyewauliza.

Wazee husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko Kwale mgeni alipewa jembe kweli. Kuanzia miaka ya 1930 Wamakonde walitoka Msumbiji, nchi iliyokuwa ikitawaliwa na Wareno, wakaja Pwani kulima katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, mtu aliyezaliwa nchini, na ambaye mzazi wake mmoja naye alizaliwa nchini, alikuwa raia bila kuomba, mradi alikuwa chini ya himaya ya Uingereza. Sheria hiyo haikumfikia mlimaji aliyetoka kwa Wareno. Basi watoto wake wakazaliwa Kwale, wajukuu wakazaliwa Kwale, wazee wakazikwa Kwale, na bado jamii nzima ikaitwa wageni. Msumbiji nayo haikuwa na jina lao katika daftari yoyote.

Mtu asiye na kitambulisho hapati taabu siku moja tu. Hawezi kufungua akaunti ya benki, wala kuandikisha simu kwa jina lake, wala kupokea fedha kwa simu hiyo. Hawezi kupiga kura. Akinunua shamba, hati hutoka kwa jina la jirani, na jirani akifariki, watoto wa jirani hudai shamba. Mvuvi hapati leseni, naye akienda baharini humkimbia askari kama mwizi. Mtoto hupata shida ya cheti cha kuzaliwa, na bila cheti mlango wa mtihani ni mwembamba. Hivyo hali ya babu humrithi mjukuu, ingawa mjukuu hajavunja sheria yoyote.

Katiba mpya ilipatikana mwaka wa 2010, na mwezi wa Agosti 2011 ikatoka sheria ya uraia iliyowaruhusu watu wasio na nchi, waliokaa Kenya tangu uhuru, waombe kuandikishwa. Walipewa miaka 5, na waziri aliruhusiwa kuongeza miaka 3. Miaka 5 ikapita. Mwezi wa Oktoba 2016 mamia ya Wamakonde walifunga safari kutoka Kwale hadi Nairobi, wakatembea njiani mpaka wakafika Ikulu. Rais Uhuru Kenyatta aliamuru wapewe vitambulisho kabla ya mwisho wa mwaka. Mwaka wa 2021 walifuata Washona, ambao wazee wao walitoka Zimbabwe kueneza Injili, na mwaka wa 2023 walifuata watu wa asili ya Pemba, ambao wengi wao ni wavuvi wa Kwale na Kilifi. Tangu hapo Kenya haikudhurika kwa kuwaandika watu hao. Iliyapata majina yao, alama zao za vidole na kodi zao.

Upande wa kaskazini kuna jambo la kusikitisha zaidi. Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka wa 1991 kwa ajili ya wakimbizi wa Somalia. Katika miaka ya ukame Wakenya wa Garissa waliona kwamba kambini kuna posho, dawa na shule, na nje ya kambi hakuna. Makumi ya maelfu walijiandikisha kuwa wakimbizi, na wengi wao walipelekwa na wazazi wangali watoto. Walipokua wakaomba kitambulisho, mashine ilisoma vidole vyao ikajibu kwamba ni wakimbizi. Mtoto aliyepewa unga akiwa na njaa akapoteza nchi yake kwa sababu ya unga huo.

Wapo watakaouliza: je, uchunguzi huo mkali haukumnasa hata adui mmoja? Huenda uliwahi kumnasa. Lakini na ikumbukwe kwamba mmoja wa wauaji wa Garissa alikuwa Mkenya, mwana wa chifu, aliyehitimu masomo ya sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Uchunguzi juu ya babu yake usingalimzuia. Wala mlanguzi wa watu hasimami katika safu kuingoja kamati, bali humtafuta karani apendaye mlungula. Anayebaki katika safu mwezi baada ya mwezi, akiuza mbuzi apate nauli ya kurudi tena, ni mtu mwaminifu asiye na mlango mwingine. Wavu wa namna hiyo hunasa dagaa ukaachia papa.

Kuondoa uchunguzi wa ziada si kuondoa maswali. Mwombaji bado hutakiwa kuonyesha cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, hutambuliwa na chifu wake, na hutiwa alama za vidole. Hayo ndiyo aulizwayo kijana wa Nyeri na wa Kisii. Kijana wa Wajir akiulizwa yale yale, na akijibu vizuri, haki imetendeka. Akishindwa kujibu, na akataliwe kama mwingine yeyote. Ulinzi haupotei kwa sababu sheria ni moja, bali hupotea kwa sababu ya karani mmoja anayeiuza.

Kwa hiyo kuna kazi kwa kila mtu. Serikali na iimarishe vituo vya mpakani, iwape maofisa wake vyombo na mshahara wa kutosha, na imwadhibu vikali auzaye kitambulisho. Machifu na waseme kweli juu ya watu wanaowajua, bila kujali kabila wala dini. Mzazi naye asingoje mpaka mtoto afikishe miaka 18. Sheria humtaka aandikishe kuzaliwa kwa mtoto katika muda wa miezi 6, na baada ya hapo kazi huwa ndefu zaidi. Cheti hicho na kiwekwe mahali pakavu, mbali na mchwa na moshi, maana siku moja mtoto ataulizwa yeye ni nani, na mzazi huenda asiwepo kumjibia.