Mali na Matumizi: Usiuziwe Mbuzi Ndani ya Gunia



Mama mmoja, msomaji wetu, ametuletea swali. Marehemu mumewe aliacha kinanda cha santuri pamoja na santuri za visomo vya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, na watoto watamani kuzisikiliza tena. Amplifaya na spika wanazo. Wameambiwa kilichokosekana ni priampu. Wameoneshwa moja kuukuu ya vali, Dynaco PAS-3 ya Marekani. Akiba yao ni shilingi 30,000, na muuzaji azitaka zote. Je, wainunue?

Kwanza tukijue kifaa chenyewe. Sindano ya kinanda hutoa umeme mdogo mno, sehemu chache tu za elfu za volti moja. Tena santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimezidishwa. Kazi ya priampu ni kuukuza umeme huo na kuirudisha sauti katika mizani yake, kisha kuipeleka kwenye amplifaya isukumayo spika. Si kila priampu ina tundu la santuri, basi hilo huulizwa kabla ya bei. PAS-3 inalo.

Kifaa hiki ni cha miaka ya 1960, na kiliuzwa pia vipande vipande, mnunuzi akajiungie mwenyewe. Kwa hiyo viwili vyenye jina moja huenda vikatofautiana: kimoja kimelehemiwa na fundi, kingine na mwanafunzi. Vali zake nne za sauti, vile vichupa vya kioo vinavyowaka, ni aina ya ECC83, iitwayo pia 12AX7, nazo hutengenezwa hadi leo Slovakia na Urusi. Vali ikifa, hupatikana nyingine. Kinachozeeka kimyakimya ni kapasita, na hizo hazionekani mpaka kifuniko kifunguliwe.

Hapa tukumbuke kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikakuta majimaji. Mwenye mali akasema ni mvua iliyoinyeshea. Akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Funzo ni la pande mbili: muuzaji adhihirishe aibu ya mali yake, na mnunuzi naye asione haya kutia mkono.

Mkono wa mnunuzi wa priampu ni huu. Asome nyuma ya kifaa kimeundiwa umeme wa volti ngapi. Vingi vya Marekani ni vya volti 120 hivi, na umeme wetu ni 240. Kukichomeka bila transfoma ya kupunguza ni kukiunguza. Aende na santuri yake, asikilize kwa nusu saa, kwani kasoro nyingine hujitokeza kifaa kikishapata moto. Azungushe kitufe cha sauti polepole: mkwaruzo mdogo huenda ni vumbi, lakini mvumo mzito usiokoma mara nyingi ni dalili ya kapasita zilizochoka. Upande mmoja ukichafuka, fundi azime, achomoe waya, asubiri, kisha abadilishane vali za kulia na kushoto. Uchafu ukihamia upande wa pili, ubaya ni wa vali, na dawa yake ni nyepesi. Ukibaki palepale, ubaya umo ndani zaidi.

Kufungua kifuniko ni kazi ya fundi wa redio, si ya watoto. Ndani mna mamia ya volti, na kapasita huweza kuushikilia umeme huo hata baada ya waya kuchomolewa.

Basi jibu letu: kwa 30,000, hapana. Mwenye 30,000 atenge 10,000 kwa ajili ya transfoma, kapasita na ujira wa fundi, na bei isizidi 20,000. Muuzaji akikataa kifaa kisifunguliwe, mwageni kwa wema. Akikubali, andikianeni kasoro zilizoonekana. Sheria humpa mnunuzi haki ya kurudisha mali kwa aibu aliyofichwa. Aliyoiona akairidhia, hana hoja tena.

Na tuseme kweli: kama haja ni kusikiliza tu, priampu ndogo mpya isiyo ya vali hugharimu kidogo zaidi, na kisomo kitasikika. Sauti ya vali ina utamu wake, lakini ni pambo juu ya haja. Akiba ya mayatima isiishie kwenye pambo.

Nasi siku tutakapouza vyetu, nafaka iliyolowa tuiweke juu.

Wabillahi tawfiq.