Macho Yametokeza? Kapime Kwanza

Shosti, kama macho makubwa umezaliwa nayo, huo ni urembo wako, tamba nao. Lakini yakianza kutokeza ukubwani, moyo unaenda mbio na unakonda bila kujinyima, usikimbilie sindano za kujaza chini ya jicho. Huenda ni tezi ya thairoidi hapo shingoni. Kapime damu kwanza. Na sigara acha, inazidisha.

Kama ni vifuko vya mafuta tu, krimu haiviondoi. Dawa yake ni upasuaji. Ila kwa jicho lililotokeza, kope ya chini ikikatwa kupita kiasi hushuka, jicho linakauka. Mwulize daktari hilo kabla hujalipa.

Na wewe kaka, linganisha uso wa mwenzio na picha za harusi. Ukiona macho yamebadilika, msindikize hospitali, siyo saluni.