Macho ya Manjano na Ulimi wa Watu

Mtoto akigeuka manjano machoni bila sababu kuonekana, ulimi wa watu huipata upesi: amerogwa. Tutazame waliyoyafanya wengine.

Mwezi wa nne wa mwaka 2022, waganga wa Scotland walitangaza ugonjwa mkali wa ini kwa watoto waliokuwa wazima. Virusi vya ini vinavyojulikana, tangu A mpaka E, havikuonekana. Hata mwezi wa saba, walihesabiwa watoto 1010 katika nchi 35, 22 walikufa.

Wataalamu wa Glasgow hawakumshitaki mtu, bali walipima damu. Mwaka 2023 walieleza: virusi viitwavyo AAV2 vilionekana kwa wagonjwa 26 kati ya 32, lakini kwa wasiougua 5 tu kati ya 74. Navyo haviongezeki pasipo msaada wa virusi vingine, kama adenovirusi. Je, ndivyo vilivyoharibu ini? Hawakuthubutu kuapa.

Wenye vyombo vyote wanasita. Sisi tusio navyo twamhukumu bibi kizee kwa siku moja! Amri ya nane yatukataza. Macho yakiwa manjano na mkojo mweusi, tumpeleke mtoto hospitalini siku ile ile. Masingizio hayakuponya ini kamwe.